Unalipwa kwa Ulemavu Marekani na Umepata Kazi: Soma Hapa Kwanza

Kabla hujamwambia bosi kwamba Jumatatu utaripoti kazini, tafuta barua moja. Ni ile uliyotumiwa na Social Security pale maombi yako ya malipo ya ulemavu yalipokubaliwa, na kama nyumba yenu ni kama nyingi nilizoingia, imo kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, imechanganyika na bili za hospitali, kadi za chanjo za watoto na matangazo ya bima ambayo kila mtu aliogopa kuyatupa. Itoe uisome. Karibu kila jambo litakalofuata hapa linategemea jibu la swali moja: hela yako inatoka mfuko gani?

Mifuko ni miwili, na sheria zake kuhusu kazi hazifanani. SSDI ni bima. Ulifanya kazi, ukakatwa kodi ya Social Security kwenye mshahara, kisha ukaugua au ukaumia. Unalipwa kulingana na ulichochangia, na ukishalipwa miezi 24 unapata bima ya afya ya Medicare. SSI ni msaada kwa mwenye ulemavu, asiyeona, au mwenye miaka 65 na kuendelea, ambaye kipato na mali yake ni kidogo. Haiulizi kama uliwahi kufanya kazi, na katika majimbo mengi huja pamoja na bima ya afya ya Medicaid. Mzee aliyefika Ohio kutoka kambi ya Nyarugusu akiwa na mguu mmoja, asiyewahi kukatwa kodi Marekani, yuko SSI. Dereva wa lori wa Dallas aliyeendesha miaka 12 kisha akapata kiharusi yuko SSDI. Wapo pia wenye vyote viwili, kwa kuwa SSDI yao ni ndogo na SSI inajazia.

Kama barua imepotea, tazama siku hela inapoingia benki. SSI huingia tarehe mosi. SSDI ya watu wengi huingia Jumatano ya pili, ya tatu au ya nne ya mwezi, kutegemea siku ya kuzaliwa. Mwenye vyote viwili huona SSI tarehe mosi na SSDI tarehe 3. Tarehe ikiangukia mwisho wa wiki au sikukuu, hela hutangulia kidogo.

Nitasema mapema ninachoamini, ili usome mengine ukijua nimesimama wapi. Katika jamii yetu watu wamejazana hofu kwamba ukigusa kazi tu, malipo yanakatwa siku hiyohiyo, kwa hiyo wengine wanakaa ndani miaka wakati wangeweza kufanya kazi saa 15 kwa wiki, na wengine wanafanya kazi kwa kujificha. Wote wawili wanapoteza. Sheria zina nafasi kubwa kwa mtu anayejaribu kazi. Zinachokosa ni huruma kwa mtu ambaye mshahara wake uligunduliwa baada ya miaka miwili.

Ukiwa kwenye SSDI

Unapewa miezi 9 ya kujaribu kazi. Ndani ya miezi hiyo unalipwa SSDI yako yote hata ukipata mshahara mkubwa kiasi gani, ilmradi umeripoti na bado una ulemavu. Watu wakisikia hivyo huniambia nirudie, na mimi hurudia: yote, bila kupunguzwa hata dola moja.

Kwa viwango vya mwaka 2025, mwezi unahesabiwa kuwa wa majaribio ukipata zaidi ya dola 1,160 kabla ya makato. Aliyejiajiri huhesabiwa mwezi pia akifanya kazi zaidi ya saa 80, hata kama faida haikufika popote. Ukipata chini ya hapo, mwezi hauhesabiwi. Viwango hivi hupanda karibu kila Januari, kwa hiyo kila mwaka mpya uliza vya mwaka huo.

Miezi hiyo 9 si lazima ifuatane. Hukusanywa popote ilipo ndani ya kipindi cha miezi 60, na hapo ndipo watu wengi wanaponaswa. Ulifanya kazi ghalani miezi minne mwaka juzi, ule msimu wa vifurushi vya Krismasi, ukaacha mgongo ulipokataa. Umeshasahau. Mwaka huu unaanza kazi mpya ukidhani una miezi 9 kamili, kumbe imebaki mitano, na mwezi wa sita unakukuta hujajiandaa. Dawa yake ipo na ni ya bure. Piga 1-800-772-1213, uombe hati inayoitwa Benefits Planning Query, ambayo wafanyakazi wa idara ya Social Security huifupisha BPQY. Inaonyesha unalipwa nini, miezi mingapi ya majaribio umeshatumia, na mishahara gani imo kwenye kumbukumbu zao. Ningekuwa na uwezo wa kumlazimisha kila mwenye SSDI afanye jambo moja tu kabla ya kuanza kazi, lingekuwa hilo.

Miezi 9 ikiisha, unaingia kipindi cha pili cha miezi 36. Sasa kila mwezi unapimwa peke yake. Kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi, au dola 2,700 kwa asiyeona. Ukizidisha, mwezi huo hulipwi. Usipozidisha, unalipwa, na huhitaji kuomba upya. Mara ya kwanza unapozidisha, idara inakulipa mwezi huo na miwili inayofuata, ndipo inasimamisha.

Tuiweke kwenye maisha ya mtu. Mama mmoja wa Minneapolis ana SSDI ya dola 1,400, na hajawahi kugusa miezi yake ya majaribio. Januari 2025 anaanza kutunza wazee majumbani, anapata dola 1,900 kwa mwezi. Kuanzia Januari hadi Septemba anapokea vyote, yaani dola 3,300 kila mwezi. Oktoba ndio mwezi wa kwanza baada ya majaribio, na mshahara wake umezidi kiwango; analipwa Oktoba, Novemba na Desemba. Kuanzia Januari 2026 SSDI inasimama kwa kila mwezi anaozidisha. Tuseme Aprili mgonjwa wake analazwa na saa zake zinapungua nusu, anapata dola 950. SSDI ya Aprili inarudi. Mlango huu uko wazi kwake mpaka Septemba 2028. Baada ya hapo, mwezi wa kwanza atakaozidisha kiwango, faili linafungwa.

Na Medicare? Hili ndilo linalowakosesha watu usingizi, hasa wenye dawa za bei kubwa. Ukiendelea kuwa na ulemavu, Medicare inabaki angalau miezi 93 baada ya miezi ya majaribio kuisha, ambayo ni miaka 7 na miezi 9, na sehemu ya hospitali huilipii ada ya mwezi. Mtu asiache kazi kwa kuogopa kukosa insulini kesho.

Kuna jambo lingine ambalo ofisi haikuambii usipouliza. Wanapopima kama umezidisha kile kiwango cha mwezi, hawapaswi kutumia mshahara mtupu. Gharama unazotoa mfukoni mwako kwa sababu ya ulemavu, na ambazo bila hizo usingeweza kufanya kazi, zinatolewa kwanza: dawa, sehemu ya bili ya daktari usiyolipiwa na bima, ukarabati wa kiti cha magurudumu, nauli ya gari maalumu pale basi la kawaida halikufai. Ukipata dola 1,800 na kila mwezi unalipa dola 250 za namna hiyo, idara inahesabu 1,550, na SSDI yako inabaki. Lazima uwe na risiti, na lazima iwe hela usiyorudishiwa na mtu. Angalizo: makato haya hayasaidii katika miezi 9 ya majaribio, ambako wanatazama mshahara wote.

Vilevile kama bosi anakulipa zaidi ya thamani ya kazi unayofanya, kile cha ziada kinaweza kutolewa. Hapa watu wetu huona aibu. Mtu anafanya nusu ya kazi ya wenzake, msimamizi anamruhusu kupumzika kila saa, mwenzake anambebea mizigo, lakini akiulizwa na idara anajibu kwa fahari, "Nafanya kazi kama wengine." Eleza ilivyo. Mwombe bosi aandike barua inayosema unasaidiwa nini na kazi yako ni sawa na asilimia ngapi ya kazi ya mwingine anayelipwa kama wewe. Barua hiyo ya nusu ukurasa imewahi kubakiza malipo ya watu ambao mshahara wao kwa macho ulikuwa umepita.

Na ukijaribu kazi ukashindwa ndani ya miezi sita kwa sababu ya ulemavu, sema wazi kwamba uliacha kwa sababu hiyo. Kuna kanuni ya kutoihesabu kazi ya namna hiyo.

Ukiwa kwenye SSI

Hapa hakuna miezi ya majaribio. Kuna hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Kiwango cha juu cha serikali kuu kwa mtu mmoja mwaka 2025 kilikuwa dola 967 kwa mwezi, na kwa wanandoa wote wawili wakiwa na SSI kilikuwa 1,450. Majimbo mengine huongeza kidogo. Ukipata mshahara, idara inaacha dola 20 za kwanza, kisha dola 65 nyingine, na kinachobaki inakigawa mara mbili. Nusu tu ndiyo inayokatwa kwenye SSI. Ukifua mashuka hotelini ukapata dola 885 kabla ya makato, toa 85, inabaki 800. Nusu yake ni 400. SSI yako inakuwa 967 ukitoa 400, yaani 567. Mkononi una 885 na 567, jumla 1,452, kabla ya kodi. Kabla ya kazi ulikuwa na 967. Anayekwambia "ukifanya kazi unapata hasara" hajawahi kukaa na kalamu.

Kwa mtu mmoja asiye na kipato kingine, kwa viwango hivyo vya mwaka 2025, SSI inafika sifuri mshahara ukiwa dola 2,019 kwa mwezi. Hata hapo faili halifungwi papo hapo. Kuna kanuni inayoitwa 1619(b), itaje kwa namba hiyohiyo ukiwa ofisini, inayokuachia Medicaid ingawa hupokei tena hela, kama bado unahitaji matibabu hayo na mshahara wako haujapita kiwango cha jimbo lako. Viwango vya majimbo vinatofautiana sana. Uliza cha kwako.

Mwenye mtoto wa chini ya miaka 22 aliye SSI na bado anasoma asimkataze kazi ya likizo. Kwa viwango vya mwaka 2025, mwanafunzi anaachiwa hadi dola 2,350 za mshahara kwa mwezi, zisizozidi 9,460 kwa mwaka mzima, kabla hata ya hesabu niliyoonyesha kuanza. Kijana kiziwi anayepanga bidhaa dukani Juni hadi Agosti anaweza kubaki na SSI yake yote.

Kinachowaangusha watu wa SSI mara nyingi ni akiba. Mtu mmoja haruhusiwi kuwa na mali inayohesabika ya zaidi ya dola 2,000, wanandoa 3,000. Nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi. Hela ya benki inahesabiwa, na inatazamwa mwanzo wa mwezi. Sasa fikiria upatu. Kina mama kumi wanachanga dola 300 kila mmoja, na mwezi wako ukifika unawekewa dola 3,000 kwa simu. Tarehe mosi zimelala kwenye akaunti yako. Idara inapoona akaunti ina jina lako, inachukulia kuwa hela yote ni yako mpaka uthibitishe vinginevyo, na daftari la upatu lililoandikwa kwa penseli jikoni ni ushahidi wa kubishaniwa. Ndivyo ilivyo pia kwa anayemtunzia kaka yake hela ya kiwanja. Usikubali kuwa benki ya ukoo. Wala usidhani utajiokoa kwa kumgawia mtu hela haraka haraka ili ushuke chini ya 2,000. Kugawa mali bila malipo kunaweza kukuondoa kwenye SSI kwa muda wa hadi miezi 36.

Ukianza kufanya kazi na kuweka akiba, njia halali ni akaunti ya ABLE. Hela hadi dola 100,000 ndani yake haihesabiwi na SSI, na unaitumia kwa mahitaji yanayotokana na ulemavu, kodi ya nyumba na usafiri vikiwemo. Zamani ilikuwa ya waliopata ulemavu kabla ya kutimiza miaka 26. Tangu Januari 1, 2026 umri umepandishwa hadi 46, kwa hiyo aliyekataliwa mwanzo aulize tena.

Kwa sisi tunaokula sinia moja, kuna nafuu nyingine. Tangu Septemba 30, 2024, chakula unachopewa na ndugu hakipunguzi tena SSI. Kodi ya nyumba unayolipiwa bado inaweza kupunguza. Ukianza kazi na kuchangia kodi, waambie idara kiasi unachochangia, kwa sababu huenda ukapandishiwa malipo upande huo huku mshahara ukishusha upande wa pili.

Wakimbizi na waliopewa hifadhi wakumbuke saa nyingine inayotembea. SSI yao ina kikomo cha miaka 7 kama hawajapata uraia. Kazi inasaidia na hapa: mwenye kadi ya kijani aliyekusanya robo 40 za kazi, za mwenzi wake ndani ya ndoa zikihesabiwa, anaweza kuwa na njia nyingine ya kustahiki. Mwaka 2025 robo moja ilipatikana kwa kila dola 1,810 za mshahara, zisizozidi nne kwa mwaka. Robo hizohizo ndizo zinazojenga haki ya SSDI. Ila usizitegemee zikuokoe ndani ya miaka 7, maana arobaini ni miaka 10 kwa mtu mmoja. Shughulikia uraia.

Kuripoti

Mwenye SSI anatakiwa kuripoti mshahara wa mwezi uliopita kabla ya tarehe 10, na idara yenyewe inapendelea ndani ya siku 6 za kwanza ili hesabu ya mwezi unaofuata iwe sahihi. Mwenye SSDI anaripoti anapoanza kazi, anapoacha, saa au mshahara unapobadilika, na anapoanza kulipa zile gharama za ulemavu. Unaweza kufanya hivyo kwa akaunti ya my Social Security mtandaoni, kwa programu ya simu iliyo mahsusi kwa SSI, kwa simu, au dirishani.

Usikubali kuondoka bila risiti. Sheria inawataka wakupe uthibitisho kwamba umeripoti. Ukiripoti kwa simu, andika tarehe, saa na jina alilojitambulisha nalo mfanyakazi. Ukipeleka karatasi za mshahara, peleka nakala na ubaki na za awali. Mimi nawashauri watu wanunue daftari moja la dola moja na bahasha kubwa moja, basi. Kila karatasi ya mshahara inaingia humo siku inapotoka.

Na lugha isikuzuie. Ukisema "Swahili" wanatakiwa wakutafutie mkalimani bila malipo, kwa simu au ofisini. Usimpeleke mtoto wa darasa la tano akutafsirie habari za mishahara na magonjwa yako. Hajui maneno, na anasikia mambo yasiyomhusu. Kama hamwelewani na mkalimani, labda yeye ni wa Mombasa na wewe ni wa Uvira na maneno ya ofisi yanapishana, sema hapohapo aletwe mwingine.

Ripoti pia kwa anayekupangisha kama unaishi kwenye nyumba ya ruzuku, na kwa ofisi ya stempu za chakula. Kodi ya nyumba za ruzuku kwa kawaida huwa kama asilimia 30 ya kipato, kwa hiyo itapanda. Nimeona familia zikipiga hesabu nzuri kabisa ya SSI na kusahau kodi, kisha wakalaumu kazi.

"Nani atajua?"

Mpwa anamwambia mjomba wake, "Mjomba, we nyamaza tu, nani atajua?" Jibu: mamlaka ya kodi. Mwajiri anapeleka taarifa ya mshahara wako kila mwaka kwa namba yako ya Social Security, na kampuni za usafiri wa kuita kwa simu na za kupeleka chakula nazo zinatuma taarifa zao. Kompyuta za idara hulinganisha. Zinachelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakowadanganya watu kwamba wamepita.

Kusuka nywele sebuleni, kulea watoto wa jirani, kushona magauni ya harusi, vyote ni kazi ya kujiajiri na vinaripotiwa. Kinachohesabiwa ni faida, si mauzo yote: toa gharama ya rasta, nyuzi, mafuta ya gari. Andika mapato na matumizi kila siku.

Na namba yako usimwazime mtu. Hata awe mdogo wako aliyefika juzi na bado karatasi zake hazijatoka. Akifanya kazi kwa jina lako, mshahara ni wako mbele ya idara, deni ni lako, na kuna kosa la jinai juu yake.

Kazini kwenyewe

Sheria ya haki za wenye ulemavu ya mwaka 1990, ADA, inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Kwenye usaili, kabla hujapewa kazi, mwajiri haruhusiwi kukuuliza kama una ulemavu au unakula dawa gani. Anaweza kuuliza kama unaweza kufanya kazi fulani, mfano kunyanyua kilo 20. Ukishaajiriwa unaweza kuomba kurekebishiwa mambo: kiti cha kukalia kwenye mashine ya malipo, shifti isiyogongana na siku za kusafisha figo, maelekezo ya maandishi badala ya mdomo. Omba kwa maandishi, hata ujumbe wa simu. Anaweza kukataa jambo litakalomgharimu kupita kiasi, lakini hawezi kukataa kuzungumza nawe.

Asiyejua aanzie wapi kutafuta kazi ana mpango wa Ticket to Work, uliotokana na sheria ya mwaka 1999. Ni wa bure na wa hiari, kwa wenye miaka 18 hadi 64 wanaolipwa SSDI au SSI kwa ulemavu. Piga 1-866-968-7842. Watakuunganisha na shirika la kukutafutia kazi, au na ofisi ya jimbo ya kuwarudisha kazini wenye ulemavu, ambayo inaweza kulipia mafunzo, miwani maalumu hata masomo. Uliza mahali pa kumpata mshauri wa mafao. Huyo ndiye atakayekaa nawe chini akupigie hesabu yako. Faida isiyotangazwa sana: ukishaitumia tiketi hiyo na ukawa unapiga hatua zilizokubaliwa, idara haianzishi ukaguzi mpya wa afya yako kuona kama bado una ulemavu. Tahadhari, mashirika hayalingani. Mengine yanakusajili, yanakutumia matangazo ya kazi za simu, yanapotea. Unaruhusiwa kuliacha na kuchukua jingine.

Barua ya deni ikija

Hata aliyeripoti vizuri anaweza kupata barua kwamba alilipwa kupita kiasi, kwa sababu idara ilichelewa kuingiza taarifa zake. Usiitupe, usikimbilie kulipa, na usiahidi chochote kwenye simu siku hiyo. Una siku 60 kukata rufaa kama unaona hesabu si sahihi, kwa fomu SSA-561. Kama hesabu ni sahihi lakini kosa halikuwa lako na huna uwezo wa kulipa, unaomba usamehewe kwa fomu SSA-632, ambayo haina mwisho wa muda. Unaweza kufanya yote mawili. Ukiwasilisha ndani ya siku 30, kwa kawaida hawaanzi kukata wakati wanakusikiliza. Zile risiti za kuripoti ndizo utakazoambatisha. Ukiwa kweli unadaiwa na huwezi kusamehewa, omba kiasi cha kukatwa kipunguzwe na uonyeshe matumizi ya nyumba yako. Ofisi za msaada wa kisheria bure katika miji mingi zinazifahamu kesi hizi.

Na kama kazi ilienda vizuri, malipo yakasimama kabisa kwa sababu ya mshahara, kisha ugonjwa ukarudi? Una miaka 5 tangu malipo yalipokoma kuomba urudishwe kwa njia ya haraka, bila kuanza maombi mapya. Lazima ulemavu uwe uleule au unaohusiana nao, na uwe huwezi tena kupata kile kiwango cha mshahara. Wakati wanaamua, wanaweza kukulipa kwa muda wa hadi miezi 6, na bima inarudi pamoja na hela hiyo. Hata wakikataa mwishoni, malipo hayo ya muda kwa kawaida hudaiwi. Ukipiga simu, usiseme tu "nataka kuomba disability", maana watakufungulia maombi mapya yatakayochukua miezi mingi. Sema "Expedited Reinstatement", herufi EXR, na uwe na tarehe ya mwezi wa mwisho uliolipwa.